Blanche Bruce na Meza za Kaunti ya Bolivar

  

Leo nimekuja na habari za mtu mmoja wa Marekani aliyeishi karne ya 19. Alizaliwa mtumwa. Akawa mwalimu, akawa mkulima mwenye shamba lake mwenyewe, akaingia katika siasa, na mwisho akaketi katika Seneti mjini Washington kwa muhula mzima wa miaka 6. Jina lake Blanche Kelso Bruce.

Wengi wanaomtaja humtaja kwa hilo la Seneti. Mimi leo nawaomba tumtazame zaidi kule chini alikoanzia: ofisi ya kaunti, daftari la kodi, shule za vijijini. Kwa nini? Kwa sababu kila ninapoyafuata maisha yake, naona haki ya watu wake ilipatikana kwenye meza zile ndogo za kaunti, na iliponyang'anywa, ilinyang'anywa kwenye meza zile zile. Liwekeni neno hilo akilini, maana nitalirudia.

Haya, tuanze mwanzo.

Bruce alizaliwa tarehe 1 Machi 1841, karibu na mji wa Farmville, katika jimbo la Virginia. Mama yake aliitwa Polly, naye alikuwa mtumwa. Sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba awe nani. Na baba yake alikuwa nani? Inaaminika kwa sehemu kubwa kwamba alikuwa Pettis Perkinson, bwana aliyemmiliki Polly. Sikieni vizuri hapo. Mtoto alikuwa mali ya baba yake mzazi.

Wasikilizaji wa pwani mnajua kwamba kwetu mtoto wa suria akishakubaliwa na baba yake alihesabiwa huru, na akarithi pamoja na ndugu zake. Sisemi hivyo kuusafisha utumwa wa kwetu. Machozi yaliyomwagika Bagamoyo na Mkunazini yanajulikana. Nasema ili muone ugumu wa sheria ile ya Virginia. Baba angeweza kumpenda mtoto, angeweza kumlisha vizuri, lakini mbele ya sheria mtoto yule aliandikwa katika orodha moja na farasi na majembe.

Perkinson alikuwa na mtoto mwingine, wa ndoa, aitwaye William. Kazi ya Blanche utotoni ilikuwa kuandamana na William, kucheza naye na kumtumikia. Mwalimu alipoletwa nyumbani kumfundisha William, Blanche naye akawa chumbani humo humo, akapata kusoma na kuandika. Perkinson alikuwa mtu wa kuhamahama, na Polly na watoto wake walihama naye. Walitoka Virginia, wakapita Missouri na Mississippi, na mwisho wakakaa katika mji mdogo wa Brunswick, Missouri, ambako watu walilima tumbaku. Hapo Brunswick, Blanche akiwa kijana, alitiwa katika kazi ya uchapaji. Alijifunza kupanga herufi moja moja mpaka ukurasa ukatimia. Msilisahau hilo la uchapaji, litatufaa mbele.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. William, kijana wa nyumbani, akaenda kujiunga na jeshi la Kusini, lililopigania utumwa uendelee. Blanche yeye akatoroka, akavuka kwenda Kansas. Vijana wawili waliosoma mbele ya mwalimu mmoja, na ambao kama tunavyoamini walikuwa wa baba mmoja, wakaachana njia.

Huko Kansas alifikia mji wa Lawrence. Na alipofika, akafanya kazi gani? Akafundisha watoto. Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia utumwa kutoka Missouri, na watoto wao hawakuwa na pa kusoma. Ilikuwa kazi yenye hatari. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 1863, wapiganaji wa upande wa Kusini, wapatao 400, wakiongozwa na mtu aitwaye William Quantrill, waliuvamia mji ule. Walichoma nyumba na maduka, wakaua wanaume na vijana zaidi ya 150. Bruce alijificha, akanusurika.

Mwaka uliofuata, 1864, alirudi Missouri. Ndiyo, alirudi katika jimbo lile lile alilolikimbia. Akafungua shule ya watoto Weusi katika mji wa Hannibal, kando ya mto Mississippi.

Hapa nataka tutulie kidogo. Wengi tunajua kwamba Rais Abraham Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa tarehe 1 Januari 1863. Lakini tangazo lile lilihusu majimbo yaliyoasi. Missouri haikuasi, kwa hiyo utumwa wake uliendelea mpaka tarehe 11 Januari 1865. Tena, tangu mwaka 1847 jimbo lile lilikuwa na sheria iliyokataza kabisa kumfundisha mtu Mweusi kusoma na kuandika. Sasa mfikirieni kijana wa miaka 23, jana alikuwa mtumwa, anafungua shule mahali ambapo utumwa ungali halali. Kila asubuhi anasimama mbele ya watoto na kuwaonyesha herufi. Kama kuna sehemu ya maisha ya Bruce inayonifanya nimheshimu bila kusita, ni hiyo. Seneti ilikuja baadaye.

Vita vilipokwisha alifanya kazi ya upagazi katika meli za mvuke zilizokuwa zikitoka St. Louis. Alibeba mizigo ya abiria, akasikiliza mazungumzo yao. Kisha mwaka 1869 akateremka kusini, akaenda Mississippi. Alikuwa na miaka 28.

Kwa nini Mississippi, wasikilizaji? Kwa nini mtu aliyekimbia utumwa aende mahali ambapo utumwa ulikuwa mzito kuliko kwingi? Kwa sababu mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1867 Bunge la Marekani lilipitisha sheria za kuyajenga upya majimbo yaliyoshindwa vitani, na kwa sheria hizo wanaume Weusi wa Kusini wakapata kupiga kura. Na Mississippi ilikuwa na watu Weusi wengi kuliko Weupe. Kama kura ni kura kweli, basi pale palikuwa na kazi ya kufanya.

Akaenda katika kaunti ya Bolivar, iliyopewa jina la Simón Bolívar, yule mkombozi wa Amerika ya Kusini. Kaunti hiyo iko katika eneo wanaloliita Delta, kati ya mto Mississippi na mto Yazoo. Ardhi yake ni nyeusi, tifutifu, yenye rutuba nyingi, kwa sababu mto umeiletea tope kwa maelfu ya miaka. Lakini mto uleule unaoleta rutuba huleta mafuriko. Wakati wa vita matuta ya kuzuia maji yalibomoka, mashamba mengi yakaachwa, misitu na mabwawa yakarudi.

Zao la huko lilikuwa pamba. Na kwa pamba hiyo ya Kusini sisi wa Afrika Mashariki si wageni. Wazee wetu waliivaa. Zile shuka za merikani zilizopakuliwa Unguja, zikabebwa na misafara hadi Unyamwezi na Ujiji, zilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini, na meli za Salem ndizo zilizozileta. Vita vya mwaka 1861 vilipoanza, bidhaa hiyo ilikatika Zanzibar. Basi msidhani tunazungumza habari za mbali sana.

Tuendelee. Mwaka 1870 Bruce alipata kazi katika seneti ya jimbo, mjini Jackson, ya kusimamia utaratibu ukumbini. Alikuwa mrefu, mwenye umbo la kuheshimika, mwenye maneno machache na adabu nyingi. Gavana wa wakati huo, James Alcorn, mwenye mashamba makubwa aliyejiunga na chama cha Republican, akampenda. Akamteua kuwa mkadiriaji kodi wa kaunti ya Bolivar. Mwaka 1871 wananchi wakamchagua kuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye pia ndiye mkusanya kodi. Juu ya hayo akapewa usimamizi wa elimu wa kaunti. Na ile kazi ya herufi aliyojifunza Brunswick? Akawa mhariri wa gazeti la mji wa Floreyville, mji ambao leo unaitwa Rosedale.

Labda kuna msikilizaji anayeuliza: mkadiriaji kodi, hicho nacho ni cheo cha kujivunia? Ngoja nikueleze. Una ekari zako tano za mahindi. Anakuja ofisa, anatazama, anaandika katika daftari kwamba shamba lako lina thamani fulani. Kwa thamani hiyo utalipa kodi. Akiandika kubwa mno, utauza ng'ombe ili ulipe. Akiandika ndogo kwa jirani yako tajiri, tajiri hatatoa kitu, na zahanati na shule hazitajengwa. Sasa kule Mississippi, kwa miaka yote ya utumwa, aliyeandika daftari lile alikuwa mwenye shamba au rafiki yake mwenye shamba. Mwaka 1870 kalamu ikaingia mkononi mwa mtu aliyewahi yeye mwenyewe kuandikwa katika orodha ya mali.

Na fedha ile ya kodi ilikwenda wapi? Sehemu yake ilikwenda katika shule. Kabla ya vita Mississippi haikuwa na mfumo wa shule za umma wa jimbo zima. Watoto wa matajiri waliletewa walimu nyumbani, kama William alivyoletewa. Watoto wa Weupe maskini wengi hawakusoma. Watoto wa watumwa walikatazwa. Katiba mpya ya jimbo, iliyoandikwa mwaka 1868 na wajumbe Weupe na Weusi, ndiyo iliyoagiza shule za bure kwa watoto wote. Lakini katiba ni karatasi. Lazima awepo mtu kule kaunti wa kutafuta jengo, kuajiri mwalimu, kumlipa mshahara mwisho wa mwezi, na kumtuliza mlipa kodi anayelalamika. Bolivar mtu huyo alikuwa Bruce. Alizungumza na wenye mashamba Weupe, mmoja mmoja, akawaridhisha kwamba wafanyakazi watatulia katika kaunti iliyo na shule. Shule zenyewe zilikuwa mbalimbali, za Weupe na za Weusi, na hilo lazima lisemwe. Lakini zilifunguliwa.

Cheo cha sherifu kilihitaji wadhamini, watu wa kuweka mali zao rehani kwamba fedha za kodi hazitapotea. Nani aliyekuwa na mali Bolivar? Wenye mashamba Weupe. Nao walimdhamini. Watu waliowahi kumiliki watumwa waliweka sahihi zao kumdhamini aliyekuwa mtumwa. Wengine humlaumu Bruce wakisema aliwapendeza mno watu wale. Mimi sikubaliani nao sana. Bila wadhamini hakuna ofisi, na bila ofisi hakuna shule.

Narudia, wasikilizaji: kodi, polisi, shule, gazeti. Hizo ndizo meza nilizozitaja mwanzo. Mwaka 1873, wakati soko la watumwa la Unguja linafungwa, Bruce alikuwa ameketi kwenye meza zote hizo katika kaunti moja.

Na shamba je? Nimesema alikuwa mkulima. Mwaka 1874 alinunua shamba la pamba lililotelekezwa, ekari 640, akalisafisha, akalima. Baadaye aliongeza ardhi mpaka ikapita ekari 1,000. Hapa nitasema ukweli kama ulivyo. Bruce hakulima kwa jembe lake mwenyewe ekari zote hizo. Walilima familia za watu Weusi waliopangishwa vipande vya ardhi, kama ilivyokuwa kwa mashamba mengine ya Delta, na maisha ya wapangaji wale yalikuwa magumu. Alipopata utajiri, alipata kwa njia ya matajiri wa nchi ile. Sitaki kumfanya mtakatifu. Mtu aliyejua uchungu wa kumfanyia kazi mwingine angeweza kutafuta mpango ulio bora kuliko ule, naye hakuutafuta.

Sasa tupande naye Washington.

Zamani zile maseneta wa Marekani hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Walichaguliwa na bunge la jimbo. Februari 1874 bunge la Mississippi lilimchagua Bruce. Kabla yake alikuwepo Mweusi mmoja tu katika Seneti, Hiram Revels, naye pia wa Mississippi, aliyekaa mwaka mmoja kumalizia nafasi iliyokuwa wazi. Bruce ndiye wa kwanza kumaliza muhula mzima.

Siku ya kiapo ilikuwa tarehe 5 Machi 1875. Desturi ya Seneti ni kwamba seneta mpya husindikizwa mpaka mbele na seneta mwenzake wa jimbo lake. Mwenzake alikuwa nani? James Alcorn, yule yule aliyempa kazi ya kwanza ya kaunti. Lakini walikuwa wamekosana. Alcorn alikuwa amegombea ugavana dhidi ya Adelbert Ames akashindwa, na Bruce alikuwa upande wa Ames. Jina la Mississippi likaitwa. Alcorn akabaki kitini, gazeti limemfunika uso. Bruce akainuka, akaanza kwenda peke yake kwenye ujia wa katikati, maseneta wakimtazama. Alipofika kama katikati, akasikia mtu anamfikia ubavuni, anajitambulisha, anampa mkono. Alikuwa Roscoe Conkling, seneta wa New York. Wakaenda pamoja mpaka mbele, wakarudi pamoja. Miaka michache baadaye Bruce alipopata mtoto wa kiume, mtoto wake wa pekee, alimwita Roscoe Conkling Bruce.

Ni hadithi nzuri, na huko kwao husimuliwa mara nyingi. Lakini huku akila kiapo, nyuma yake Mississippi ilikuwa inawaka. Miezi mitatu kabla, Desemba 1874, katika mji wa Vicksburg, watu Weupe wenye silaha walimlazimisha sherifu Mweusi, Peter Crosby, ajiuzulu. Watu Weusi kutoka vijijini walipokuja mjini kumuunga mkono, walipigwa risasi, wakafa wengi. Angalieni walichokitaka wale wenye silaha. Walikwenda mahakama ya kaunti, kwa mkusanya kodi, kwa mwenye daftari. Kiti cha Washington walikiacha kwa wakati ule. Walijua mamlaka yalipokuwa.

Mwaka 1875 vitisho na mauaji vikaenea kaunti baada ya kaunti, na katika uchaguzi wa mwaka huo chama cha Democratic, kilichokuwa chama cha Weupe wa Kusini, kikalichukua bunge la jimbo. Gavana Ames alikuwa ameomba askari wa serikali kuu, hawakuletwa. Tarehe 31 Machi 1876 Bruce alisimama katika Seneti kutaka uchaguzi ule uchunguzwe. Alieleza kwamba watu wa Mississippi hawakushindwa kwa hoja wala kwa hesabu, bali kwa hofu, na kwamba walihitaji ulinzi wa sheria kama raia mwingine yeyote. Kamati iliundwa, mashahidi wakasikilizwa, ripoti nene ikaandikwa. Na baada ya ripoti? Hakuna kilichofanyika.

Basi akabaki seneta wa jimbo ambalo bunge lake lilikuwa halimtaki. Alifanya nini kwa miaka iliyosalia? Nitataja machache tu.

La kwanza ni benki. Mwaka 1865, vita vinakwisha, serikali iliidhinisha benki ya akiba kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, Freedman's Savings Bank. Wafuaji nguo, wapagazi, askari wa zamani, wajane, waliweka humo senti zao, wakiamini kwamba serikali ya Lincoln imesimama nyuma ya benki. Haikuwa hivyo. Wakubwa wa benki waliwakopesha fedha matajiri bila dhamana ya maana, na Juni 1874 milango ikafungwa. Watu zaidi ya 61,000 walikuwa na fedha humo, jumla yake karibu dola milioni 3. Akina mama wa vikoba mnanielewa: ni kama mwenye kutunza sanduku amekopesha michango ya wote kwa rafiki zake, na siku ya kugawana sanduku likafunguliwa tupu. Tofauti ni kwamba hili lilikuwa sanduku la taifa zima la watu waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza maisha.

Miaka mitano baadaye Bruce akawa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kuchunguza benki ile. Alikwenda nayo kwa vitabu, ukurasa kwa ukurasa: nani alikopeshwa, nani aliidhinisha, nani analipwa mshahara kwa kufunga hesabu ambazo hazifungwi. Makamishna watatu waliokuwa wakila mishahara kutoka kwenye mabaki ya benki wakaondolewa, kazi ikapewa ofisa mmoja wa serikali. Waliokuwa na akiba walipata sehemu tu ya fedha zao, na wengi hawakupata kitu. Lakini nani mwingine katika Seneti ile alijua thamani ya senti ya mpagazi? Yeye alikuwa amebeba mizigo.

La pili ni la tarehe 14 Februari 1879. Siku hiyo Bruce alikaa katika kiti cha kuongoza kikao cha Seneti, Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Na mjadala ulikuwa nini? Mswada wa kuwazuia Wachina wasiingie Marekani. Bruce aliupinga. Alieleza kwa maneno machache kwamba yeye ni wa watu ambao hadi juzi walinyimwa uraia, kwa hiyo hawezi kupiga kura kuwanyima wengine. Hakuwa na Mchina hata mmoja wa kumpigia kura Mississippi. Aliwatetea pia Wahindi Wekundu, akataka serikali iache kuwahamisha kutoka ardhi hadi ardhi. Mwaka huo huo wa 1879 maelfu ya watu Weusi walilikimbia eneo la Mississippi na Louisiana kwenda Kansas, kule kule alikokimbilia yeye, na Bruce alisaidia nguo za msaada kutoka Uingereza ziwafikie bila kutozwa ushuru.

Muhula wake ulikwisha Machi 1881. Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kumchagua mtu mwingine, James George. Shikeni jina hilo, James George.

Rais mpya wa Marekani, James Garfield, ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu, alimteua Bruce kuwa Msajili wa Hazina. Wakati ule Msajili wa Hazina aliweka sahihi yake juu ya noti. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1881 kila aliyeshika noti mpya ya Marekani, awe mwenye shamba wa Mississippi au mwenye benki wa New York, alishika sahihi ya B. K. Bruce. Sahihi ya mtu Mweusi haikuwahi kuwa pale kabla yake.

Nyumba yake ilikuwa Washington sasa, pamoja na mkewe Josephine, binti wa daktari wa meno wa Cleveland. Alipangisha shamba lake la Bolivar, akawa anapokea mapato yake. Hakurudi kuishi huko.

Na huko Bolivar mambo yalikwendaje? Hapa ndipo naomba masikio yenu yote. Mwaka 1890 Mississippi iliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya. Kiongozi mmoja mkuu wa mpango ule alikuwa yule James George, aliyekalia kiti cha Bruce. Katiba mpya haikusema popote kwamba mtu Mweusi hatapiga kura. Ingesema hivyo, ingevunja katiba ya Marekani. Ilisema nini? Ilisema mpiga kura alipe kodi ya kichwa ya dola 2. Ilisema aweze kusoma kifungu cha katiba, au akisomewa akieleze ipasavyo. Na nani anayeamua kwamba ameeleza ipasavyo? Karani wa uandikishaji wa kaunti. Ni meza ile ile. Mtu Mweupe asiyejua kusoma alisomewa kifungu chepesi, akaandikishwa. Mwalimu Mweusi alisomewa kifungu kigumu, akaambiwa hujaeleza vizuri, rudi mwaka kesho.

Katika mkutano ule mjumbe Mweusi alikuwa mmoja tu, Isaiah Montgomery, mwanzilishi wa mji wa watu Weusi wa Mound Bayou. Na Mound Bayou iko kaunti gani? Bolivar. Naye aliiunga mkono katiba ile, akitumaini kwamba watu wake wakitoa kura zao watapata amani. Kura zilitolewa, na amani haikuja.

Bruce alifariki tarehe 17 Machi 1898, Washington, kwa maradhi ya kisukari, akiwa kwa mara nyingine Msajili wa Hazina. Alikuwa na miaka 57. Baada yake Seneti ilikaa miaka mingi bila Mweusi hata mmoja, mpaka Januari 1967, alipoingia Edward Brooke wa Massachusetts.

Lakini mimi nawaomba, kama tulivyofanya tangu mwanzo, tusitazame Seneti tu. Mwaka 1965 Marekani ilipitisha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Sheria ile ilisimamisha ule mtihani wa kusoma na kueleza, na ikaipa serikali kuu uwezo wa kupeleka maofisa wake katika kaunti. Wakaenda katika baadhi ya kaunti za Mississippi, wakaweka meza zao, wakaanza kuandika majina ya watu, wakulima, wapishi, vibarua wa pamba, wengine wazee walioandikishwa kwa mara ya kwanza maishani mwao. Miaka miwili baadaye, 1967, kaunti ya Holmes, ukingoni mwa Delta ile ile, ilimchagua Robert Clark aingie katika bunge la jimbo. Alikuwa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge lile kwa zaidi ya miaka 70. Kazi yake kabla ya siasa ilikuwa ualimu.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu umefika. Wiki ijayo, wakati kama huu, nitawaletea habari za Hiram Revels, yule aliyemtangulia Bruce katika Seneti, na chuo cha Alcorn alichokwenda kukiongoza.